Dirisha Limefungwa, Mikono Mitupu: Rekodi za Usajili Uliochelewa

Siku 517. Huo ndio muda uliopita kati ya Januari 31, 2018, Lucas Moura alipotia saini Tottenham Hotspur akitokea Paris Saint-Germain, na Julai 2, 2019, klabu hiyo ilipotangaza tena mchezaji mpya. Hapo katikati dirisha kubwa lilifunguliwa likafungwa, dirisha dogo nalo likafunguliwa likafungwa, na hakuna aliyevuka kizingiti. Tangu Ligi Kuu ya England ianze utaratibu wa madirisha mwaka 2003, hakukuwa na klabu iliyomaliza dirisha kubwa bila kusajili hata mtu mmoja. Agosti 9, 2018 Spurs wakawa wa kwanza.

Anayeshabikia klabu ya Ulaya kutoka Temeke, Kisauni au Bujumbura anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Julai huanza kwa matumaini. Simu hushikwa kabla ya mswaki, na jina linalosubiriwa hutafutwa. Kijiweni hakukosekani aliyesikia kwamba vipimo vya afya ni kesho. Kesho huzaa kesho kutwa, Agosti inabisha hodi, watani wamekwisha kutambulisha wanne, na kwenu bado mazungumzo yanaendelea. Miaka ile dirisha la England likifungwa saa tano usiku kwao, kwetu ilikuwa saa saba, na wapo waliokesha hadi hapo kisha wakaamkia kazini alfajiri wakiwa hawana jipya la kusimulia.

Nimekusanya hapa rekodi za machungu hayo, nikizipima kwa jinsi zilivyouma. Na niseme mapema ninachokiamini. Shabiki huvumilia klabu isiyo na fedha, huvumilia hata klabu inayosema wazi kwamba mwaka huu hatununui. Kinachomtia hasira ni klabu inayokijua inachokihitaji, ina fedha ya kukilipia, kisha inakaa mpaka saa ya ukutani iiamulie.

Dirisha tupu kuliko yote

Turudi kwa Spurs, maana rekodi yao ina mengi ndani. Kiangazi kile kulikuwa na Kombe la Dunia nchini Urusi, na hakuna klabu iliyokuwa na wachezaji wengi nusu fainali kuliko wao. Walikuwa tisa: Kane, Alli, Dier, Trippier na Rose kwa England, Alderweireld, Vertonghen na Dembélé kwa Ubelgiji, na Lloris, nahodha wa Ufaransa aliyenyanyua kombe. Watu hao walirudi kazini Agosti wakiwa na miguu mizito, na shabiki alitarajia aone damu mpya ya kuwapokea. Haikuja. Fedha zilikuwa zinamezwa na uwanja mpya, uliogharimu takriban pauni bilioni moja na ambao wenyewe ulichelewa pia. Ulifunguliwa Aprili 3, 2019, msimu ukielekea ukingoni.

Mauricio Pochettino alibaki na kikosi kilekile, akakipeleka fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mei 8, 2019 mjini Amsterdam, Spurs walikuwa nyuma kwa jumla ya mabao matatu dhidi ya Ajax ilipoanza ngwe ya pili. Aliyefunga yote matatu ya kuwavusha, la mwisho likiwa katika dakika ya sita ya nyongeza, alikuwa Lucas Moura, yule yule mtu wa mwisho kusajiliwa. Fainali ya Juni 1 walifungwa na Liverpool 2-0.

Wapo wanaoutumia usiku ule wa Amsterdam kuwanyamazisha mashabiki: mmeona, usajili wa nini? Mimi nauona kwa jicho jingine. Kikosi kile kilikuwa kimekwisha kuchoka, na kilipofika msimu uliofuata kilianguka. Novemba 19, 2019, timu ikiwa nafasi ya 14, Pochettino alifukuzwa. Kocha ndiye aliyelipia dirisha ambalo hakupewa kitu.

Mmoja tu, naye kipa

Arsenal wa 2015 hawakuondoka watupu. Juni 29 walimchukua Petr Čech kutoka Chelsea, na mashabiki wakashangilia, kwa kuwa mtu wa maana amekuja mapema. Kumbe ndiye wa kwanza na wa mwisho. Katika ligi tano kubwa za Ulaya hakuna klabu nyingine iliyofunga dirisha lile bila kununua mchezaji hata mmoja wa kucheza mbele ya kipa.

Kilio cha Arsenal kilikuwa na majina mawili ya nafasi: mshambuliaji wa kati na kiungo mkabaji. Novemba Francis Coquelin, kiungo mkabaji wao, aliumia goti, na pengo ambalo kila mtu alilitaja tangu Julai likabaki wazi hadi Mohamed Elneny alipoletwa Januari. Msimu ule vigogo wote waliyumba. Leicester City wakatwaa ubingwa kwa pointi 81, Arsenal wakawa wa pili kwa pointi 71. Sijui shabiki wa Arsenal wa umri wangu ambaye akiitaja 2016 hatataja na dirisha lile.

Kipigo kilichofungua mkoba

Agosti 28, 2011, Old Trafford: Manchester United 8, Arsenal 2. Wayne Rooney alifunga matatu. Kwa Arsenal kilikuwa kipigo kibaya kuliko vyote tangu mwaka 1896, na kilitokana na kiangazi kilichochezewa. Cesc Fàbregas alikuwa akivutwa na Barcelona kwa muda mrefu na aliondoka Agosti 15, ligi ikiwa imekwisha kuanza. Samir Nasri naye akaondoka kwenda Manchester City siku chache kabla ya kipigo. Kila mtu alijua wangeondoka. Mbadala hawakuwepo.

Klabu iliwapa mashabiki waliosafiri siku ile tiketi ya bure ya mechi nyingine ya ugenini. Lilikuwa jambo la uungwana. Halafu kwa muda wa siku mbili wakaja watu watano: Park Chu-young, André Santos, Per Mertesacker, Mikel Arteta na Yossi Benayoun kwa mkopo. Mkoba uliokuwa umebanwa ulifunguliwa ndani ya saa 48, baada ya mabao manane.

Haki yao wapewe: Arsenal walimaliza wa tatu, na katika watano wale wa mbio za mwisho alikuwemo mtu ambaye tangu Desemba 2019 ndiye kocha wao. Ila hata Arteta angeweza kununuliwa Julai, na Old Trafford angekuwa uwanjani.

Pauni moja ya maudhi

Miaka miwili baadaye mashabiki walewale walipewa maudhi ya namna nyingine. Luis Suárez wa Liverpool alisemekana kuwa na kipengele kwenye mkataba kinachohusu ofa inayozidi pauni milioni 40. Arsenal wakapeleka pauni 40,000,001. Ndiyo ofa maarufu kuliko zote zilizowahi kukataliwa England, na umaarufu wake wote unatokana na ile pauni moja. Liverpool walikasirika, mmiliki wao John W. Henry akauliza hadharani wenzake wa Emirates wanavuta nini, Suárez akabaki.

Agosti 17, 2013 Arsenal walifungua ligi nyumbani dhidi ya Aston Villa wakiwa wamesajili kijana mmoja tu, Yaya Sanogo, bila ada. Walifungwa 3-1, na jukwaa zima likaimba kumtaka Arsène Wenger atoe fedha. Septemba 2, siku ya mwisho, akatua Mesut Özil kutoka Real Madrid kwa pauni milioni 42.5, rekodi ya klabu. Nadhani hakuna saini iliyowahi kuigeuza hasira kuwa sherehe kwa haraka namna ile. Bado hawakuwa wamepata mshambuliaji, ambaye ndiye waliyemtafuta tangu mwanzo.

Mwana si wako

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Methali hii ingeweza kuandikwa juu ya lango la Tottenham, na sisemi hivyo kwa kuwacheka. Mwaka 2013 Willian alifanyiwa vipimo vya afya kwao, akabakiza kutia saini, kisha akaenda Chelsea. Julai 2025 walimtaka Morgan Gibbs-White wa Nottingham Forest kupitia kipengele cha pauni milioni 60. Forest wakaja juu, na mchezaji akaongeza mkataba kwao. Kisha James Maddison akaumia goti vibaya mjini Seoul katika mechi ya maandalizi, na hitaji la kiungo mshambuliaji likawa la dharura.

Jibu lilikuwa Eberechi Eze wa Crystal Palace. Mazungumzo yalivutwa, yakavutwa, mpaka ikaonekana yamebaki maandishi tu. Hapo Kai Havertz wa Arsenal akaumia, Arsenal wakapiga simu, na Eze, ambaye alilelewa katika akademi ya Arsenal hadi alipoachwa akiwa na miaka 13, hakuhitaji kubembelezwa. Agosti 23 alionyeshwa kwa mashabiki Emirates kabla ya mechi ya Leeds. Spurs walijitahidi wakamleta Xavi Simons kutoka Leipzig kabla dirisha halijafungwa, na Septemba 4 mwenyekiti Daniel Levy aliondoka baada ya takriban miaka 25.

Rekodi yenyewe ilikuja Novemba 23, 2025. Arsenal 4, Tottenham 1. Eze alifunga matatu, na tangu Alan Sunderland mwaka 1978 hakukuwa na mtu aliyefunga matatu katika mechi ya watani hao wa London kaskazini. Katika hadithi zote za mchezaji aliyekuponyoka, sijaona iliyorudi kuuma haraka na kwa uchungu hivyo.

Waliokataliwa mara nyingi kuliko wote

Hapa nitakaa kidogo, maana kiangazi cha Newcastle United cha 2025 kina kila kitu.

Machi mwaka ule walikuwa wameifunga Liverpool 2-1 fainali ya Kombe la Carabao, kombe lao kubwa la kwanza la nyumbani baada ya miaka 70. Walikuwa wamefuzu Ligi ya Mabingwa. Mashabiki waliingia Julai wakiamini huu ndio wakati wa kujenga. Mwisho wa Juni mkurugenzi wa michezo Paul Mitchell aliondoka, na klabu ikaingia sokoni bila mtu wa cheo hicho.

Kilichofuata ni orodha. Liam Delap alikwenda Chelsea. João Pedro, Chelsea. Bryan Mbeumo, Manchester United. Hugo Ekitike, Liverpool. Golikipa James Trafford, Manchester City. Benjamin Šeško, Manchester United. Sita, wote wakihusishwa na Newcastle, wote wakiishia kwingine. Si kweli kwamba hawakununua kitu: Anthony Elanga alikuja Julai, Malick Thiaw na Jacob Ramsey wakaja Agosti. Ila kwenye nafasi ya mshambuliaji, ambayo ndiyo iliyowaka moto, mikono ilikuwa mitupu. Na moto huo uliwashwa kutoka ndani, kwa kuwa Alexander Isak aliyewafungia bao la pili Wembley alitaka kwenda Liverpool, hakusafiri na timu ziara ya Asia, na alikuwa akijifua peke yake huko Real Sociedad, klabu yake ya zamani.

Agosti 25 Liverpool wakaenda St James' Park. Newcastle hawakuwa na mshambuliaji wa kati wa kutegemewa, wakapata kadi nyekundu, wakawa nyuma kwa mabao mawili, kisha wakiwa kumi wakasawazisha. Sijui kama kuna kelele za uwanja nilizozisikia kwenye runinga zikazidi zile. Katika dakika ya kumi ya nyongeza, Rio Ngumoha, kijana wa miaka 16, akafunga la tatu la Liverpool.

Siku tano baadaye Newcastle walimtambulisha Nick Woltemade kwa rekodi ya klabu, takriban pauni milioni 69. Septemba 1, dirisha likifungwa saa tatu usiku kwa saa zetu, Isak alikwenda Liverpool kwa pauni milioni 125, ada kubwa kuliko zote katika historia ya soka la Uingereza, na Yoane Wissa akatoka Brentford kuja kuziba pengo. Wissa ni Mkongomani. Siku nane baadaye aliumia goti akiichezea timu yake ya taifa mjini Kinshasa dhidi ya Senegal, na hakuingia uwanjani na jezi ya Newcastle hadi Desemba. Jeraha ni jeraha, halina wa kulaumiwa. Lakini klabu iliyokuwa na miezi miwili ya kutafuta washambuliaji wawili iliishia kuwapata wote wawili katika saa 72 za mwisho, na mmoja akacheza miezi mitatu baadaye.

Sekunde ghali kuliko zote

Kumi na nne. Agosti 31, 2017 Leicester City walikuwa wanamuuza Danny Drinkwater kwa Chelsea na kumnunua Adrien Silva kutoka Sporting ya Lisbon, kwa takriban pauni milioni 22, achukue nafasi yake. Nyaraka zilifika kwenye mfumo wa FIFA zikiwa zimechelewa kwa sekunde 14. FIFA walikataa, na rufaa haikusaidia. Silva, bingwa wa Ulaya na Ureno mwaka 2016, alikuwa mtu wa Leicester asiyeweza kucheza Leicester. Alifanya mazoezi kwa miezi minne akiwatazama wenzake wakienda mechini, hadi Januari 1, 2018 alipocheza mara ya kwanza. Alivaa jezi namba 14.

Kwa dakika, taji ni la Real Madrid na Manchester United, Agosti 31, 2015. David de Gea aende Madrid, Keylor Navas aje Manchester, kila kitu kimekubaliwa. Dirisha la Hispania lilifungwa usiku wa manane kwa saa zao, saa saba kwa zetu, na nyaraka zikakamilika dakika chache baada ya hapo. Kesho yake klabu hizo mbili zilitoa taarifa ndefu za kulaumiana, zikitaja saa na dakika za kila waraka. De Gea aliongeza mkataba Septemba 11 na kukaa Old Trafford hadi 2023. Navas, aliyekuwa amekwisha kuandaliwa kuondoka, alibaki Madrid na kutwaa Ligi ya Mabingwa miaka mitatu mfululizo. Ni ucheleweshaji pekee ninaoufahamu ambao shabiki wa kila upande alikuja kuushukuru kwa muda.

Ngoja ndefu, na msuluhishi mkubwa

Ngoja ndefu kuliko zote ni ya Kylian Mbappé na Real Madrid. Alitembelea uwanja wao wa mazoezi akiwa mtoto mwaka 2012. Mwaka 2017 akachagua Paris. Agosti 2021 Madrid waliweka mezani zaidi ya euro milioni 150 kwa mchezaji aliyebakiza mwaka mmoja, Paris hawakukubali. Mei 2022 kila mtu alijua anakwenda, akaongeza mkataba. Alitangazwa Juni 3, 2024, bila ada ya uhamisho. Miaka saba ya vichwa vya habari, na Madrid walitwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu katika muda huohuo bila yeye kwa kikosi walichokuwa nacho mkononi. Wangemsubiri bila kununua wengine, lingekuwa jambo jingine.

Kwetu, msuluhishi mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika suala la uhamisho ni Rais wa Jamhuri. Feisal Salum, Fei Toto, alitangaza Desemba 2022 kwamba anaondoka Yanga. Mamlaka za soka zikaamua bado ni mchezaji wa Yanga, na kwa nusu msimu kiungo bora wa nchi akakaa nje. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwapokea Yanga baada ya fainali yao ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwataka viongozi walimalize. Siku chache baadaye Fei Toto alikuwa Azam.

Nalitaja hili pia kwa sababu mashabiki wa Dar es Salaam wana kitu ambacho wa London hawana. Simba Day, iliyoanzishwa 2009 na kwa desturi kufanyika Agosti 8, huwalazimisha viongozi kusimamisha kikosi mbele ya uwanja uliojaa. Mtu anahesabu kwa macho yake nani kaja na nani hayupo. Klabu za England zingeiga hilo, Agosti nyingi zingekuwa na adabu zaidi.

Rekodi inayonipinga

Ni haki niiweke hapa na yenyewe. Kiangazi cha 2024 Liverpool walimpata kocha mpya, Arne Slot, wakamtaka kiungo mmoja, Martín Zubimendi wa Real Sociedad, na akakataa. Hadi Agosti 29 mchezaji pekee wa kutumika msimu ule waliyemleta alikuwa Federico Chiesa, kwa pauni milioni 10 na nyongeza. Mashabiki walilalama, nami ningelalama. Ryan Gravenberch akarudishwa nyuma kucheza nafasi iliyokosa mtu, akaimudu kuliko yeyote alivyotegemea, na Aprili 27, 2025 Liverpool wakawa mabingwa zikiwa zimebaki mechi nne, ubingwa wao wa 20.

Mwaka uliofuata walitumia zaidi ya pauni milioni 400, fedha nyingi kuliko klabu yoyote ya England iliyowahi kutumia katika dirisha moja. Kati ya mwisho wa Septemba na Novemba walipoteza mechi sita kati ya saba za ligi.

Basi je, mashabiki hukosea? Tazama dirisha lile la milioni 400 kwa karibu. Ndani yake kulikuwa na hitaji moja lililosemwa tangu Juni, beki wa kati, na mtu wake alikuwa Marc Guéhi wa Crystal Palace, kwa pauni milioni 35. Waliliacha hadi siku ya mwisho. Palace wakajiondoa saa za mwisho kwa kuwa hawakupata wa kuziba pengo lake. Wiki tatu baadaye beki kijana waliyemsajili, Giovanni Leoni, alikatika mshipa wa goti. Huwezi kusema vipigo vyote sita vilitokana na hilo. Lakini kati ya vyote walivyovinunua, kilichokosekana ni kile walichokichelewesha.

Taji la mwisho

Limebaki Manchester United, 2013. Sir Alex Ferguson alistaafu akiwa bingwa, na mtendaji mkuu David Gill akaondoka naye kiangazi hichohicho. Wakaingia David Moyes na Ed Woodward, wote wageni wa viti vyao. Walimtaka Thiago Alcântara, akaenda Bayern. Walimtaka Fàbregas, Barcelona wakakataa. Julai, timu ikiwa ziarani Australia, Woodward aliondoka kambini, na ikaelezwa kuwa ni kwa shughuli ya dharura ya usajili. Nakumbuka jinsi kauli ile ilivyowapandisha watu mori, kila mmoja akitaja jina la ndoto yake. Hakuna aliyekuja.

Marouane Fellaini alikuwa mchezaji wa Moyes kule Everton. Mkataba wake ulikuwa na kipengele cha pauni milioni 23.5, na kipengele hicho kilikwisha Julai 31. Moyes alimjua Fellaini kuliko kocha yeyote duniani. Julai 31 ikapita. Agosti United wakapeleka ofa ya pauni milioni 28 kwa Fellaini na beki Leighton Baines kwa pamoja, na Everton wakaiita tusi. Septemba 2, katika saa za mwisho, siku ambayo pia usajili wa Ander Herrera kutoka Bilbao ulikwama na watu wakaonekana kwenye ofisi za ligi ya Hispania wakidaiwa kutumwa na United, jambo ambalo klabu ilikana, Fellaini alitia saini. Bila Baines. Kwa pauni milioni 27.5.

Spurs wa 2018 walikuwa na uwanja wa kulipia. Leicester walizidiwa na sekunde. Newcastle walikataliwa na wachezaji. United hawakuwa na kisingizio chochote kati ya hivyo. Walikuwa mabingwa, walikuwa na fedha, na bei na tarehe vyote vilikuwa vimeandikwa kwenye mkataba. Walimaliza msimu nafasi ya saba, Moyes akafukuzwa Aprili 22, 2014, na pauni milioni nne walizolipa kwa kuchelewa siku 33 ndizo, kwa hukumu yangu, fedha zilizopotea vibaya kuliko zote katika historia ya madirisha.